Je, ni Vita Baridi vilivyowapa haki weusi wa Marekani?

Ndugu zangu, kila tunapojadili Marekani ya baada ya 1945, hoja hii hairudi nyuma: eti weusi wa kule walipata haki kwa sababu Washington ilikuwa ikishindana na Moscow, ikaona aibu mbele ya mataifa mapya ya Afrika na Asia. Naikubali nusu. Nusu ya pili inaniuma.

Aibu ilikuwepo kweli. Disemba 1952 serikali yenyewe iliiandikia Mahakama Kuu kwamba ubaguzi wa rangi unawapa wakomunisti cha kusema. Mwaka 1957 Rais Eisenhower alipeleka askari wa miamvuli Little Rock, mji wa jimbo la Arkansas, kuwalinda wanafunzi 9 weusi walioingia shule ya wazungu, akawaambia wananchi kuwa maadui wa nchi wanalifurahia tukio lile. Mei 1963, mbwa wa polisi na maji ya zimamoto yalipoelekezwa kwa watoto weusi walioandamana Birmingham, jimbo la Alabama, Obote wa Uganda alimwandikia Rais Kennedy barua ya wazi kutoka Addis Ababa, walikokutana viongozi kuunda OAU, umoja wa nchi huru za Afrika.

Lakini aibu hiyo aliileta nani? Watoto wale walitoka shuleni wakijua wanakwenda kukamatwa. Montgomery, mji mwingine wa Alabama, wapishi na wafua nguo weusi walisusia mabasi yaliyowabagua kwa siku 381, wengi wakienda kazini kwa miguu. Ubaguzi ulikuwa wa miaka mingi. Dunia iliuona pale walipoukataa hadharani.

Tena Vita Baridi hivyo hivyo viliziba midomo. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi, alinyang'anywa pasipoti 1950, akaipata tena 1958. Du Bois, msomi mweusi, mzee aliyepita miaka 80, alishtakiwa 1951 kama wakala wa nchi ya kigeni kwa kupinga mabomu ya nyuklia, hadi korti ikamwachia. Hawa ndio waliokuwa wakisema kwamba ubaguzi wa kwao na ukoloni wa kwetu ni kitu kimoja.

Sasa rudini Little Rock. Mwaka 1958, kamera zikiwa zimeshaondoka, gavana wa Arkansas, Faubus, alizifunga shule zote 4 za sekondari za mji ule kwa mwaka mzima wa masomo ili weusi wasiingie. Hakuna askari wa miamvuli aliyerudi. Wanaoshikilia hoja ile wanijibu hapo: mashindano na Moscow yalikuwa yamepamba moto mwaka ule. Mbona hayakutosha kufungua shule hata moja?