Kilo ninazobeba zimeshuka tangu nifiwe, je vyuma kweli vinamjenga mtu kimaisha?

mzee_wa_skwati:
Wakuu habari zenu. Nina miaka 4 kwenye vyuma na siku zote nilikuwa nawaambia watu kwamba jimu inakufundisha kuvumilia maisha. Miezi 3 iliyopita nimempoteza mama. Tangu hapo sijielewi, skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito mabegani) nilikuwa napiga kilo 110 mara tano vizuri tu, wiki iliyopita 85 imenilemea nikaiachia kwenye vyuma vya usalama, nikakaa pale pale chini nikalia mbele za watu. Sasa najiuliza ule uvumilivu niliodhani ninao ulikuwepo kweli au nilikuwa nabeba namba tu? Nijikaze niongeze siku za mazoezi, au niache kwanza? Naomba mawazo hasa ya waliopitia.

kamba_nene:
Pole sana kaka, Mungu ampumzishe mama. Nguvu zako hazijaenda popote. Mwili hauna ghala mbili, moja ya msiba nyingine ya mazoezi, vyote vinachota hapo hapo, na mtu aliyefiwa halali vizuri, hali vizuri, sasa huo msuli utajijenga saa ngapi? Maana pale jimu huwa tunauchosha tu, kujengeka ni baadae ukiwa umepumzika na umekula. Kwahiyo kuongeza siku mimi nakataa kabisa. Nenda mara 2 kwa wiki, seti chache, toka ukiwa bado unajiweza. Na ukitulia kilo zitarudi, msuli uliowahi kukua haurudi kwa shida kama mara ya kwanza. Unalala masaa mangapi?

dada_dedilifti:
Pole mdogo wangu. Mimi ule msemo kwamba kila kigumu kinakujenga siukubali tena. Mgongo uliwahi kuniuma kwenye dedilifti, ile ya kunyanyua fimbo ya chuma toka chini, nikasema ngoja nivumilie, nikapiga hivyo hivyo wiki 2, nikakaa nje miezi 7. Niliporudi nilianza na fimbo tupu, ile ya kilo 20, na pembeni yangu wapo watu niliowafundisha mwenyewe wanabeba mara nne ya hapo, yani siku ile ndo ilikuwa nzito kuliko siku yoyote niliyovunja rekodi.

Kuna daktari wa jeshi la Marekani anaitwa Thomas DeLorme, miaka ya 1940 alikuwa anatibu askari walioumia, wengi magoti, na wakati huo wagonjwa walikuwa wanapewa mazoezi mepesi mepesi tu. Yeye akawapa uzito wa kweli ila kwa kipimo: mara 10 kwa nusu ya uzito wa juu unaoweza kuubeba mara 10, mara 10 kwa robo tatu yake, halafu mara 10 kwa uzito wote. Unachoweza LEO, sio ulichokuwa unaweza kabla hujaumia, ukiimarika ndo kinaongezwa. Hicho ndo kilinirudisha mimi, na naona kinakuhusu na wewe maana 85 uliyoibeba ni hesabu ya yule mtu wa miezi 3 iliyopita. Na kulia usikuonee aibu, mama ni mama.

mdau_wa_asubuhi:
Nakazia kwa dada hapo juu. Nyongeza yangu moja tu, usiende peke yako kipindi hiki. Tafuta mtu wa kukusimamia nyuma, na siku ukishindwa kubeba kaa naye tu mpige stori. Mimi nilipofiwa na kaka nilijifungia kwenye mazoezi kila siku nikidhani napona, kumbe nilikuwa namkimbia, nimekuja kumlilia mwaka mzima baadae.

mzee_wa_skwati:
Asanteni sana wakuu, nimesoma zaidi ya mara moja. Usingizi ni masaa 4, nikijitahidi 5, sikuwahi hata kuuhesabu. Dada umenigusa sana, kweli nilikuwa naipakia fimbo uzito wa mtu mwingine. Jana nimeenda na jamaa yangu mmoja, nimefanya 30, 45, halafu 60, zote mara 10, ya mwisho miguu ilitetemeka ila nimeisimamisha. Baadae tumekaa kwenye benchi akaniuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, na ndo mara ya kwanza nimemuongelea tangu tumzike. Ijumaa tunarudi tena, naweka 62 na nusu.