Mjadala: Kinyago kilichochongwa kwa oda kinaweza kubeba uchungu wa mchongaji?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wadau, habari za leo. Tujadiliane bila matusi.

Kuna mchongaji ninayemfahamu hapa mjini. Alikuwa na kinyago cha mama aliyeketi chini, goti moja limenyanyuka, mtoto amelazwa mapajani. Ukikitazama haraka unaona mama ananyonyesha. Ukikaa nacho kidogo unagundua shingo ya mtoto imelegea, na mkono wa mama haujamshika, umewekwa tu juu yake. Mzazi yeyote hahitaji maelezo.

Akaja mteja, akakipenda, ila kwa sharti: mama atabasamu kidogo na mtoto anyanyuliwe kichwa, maana kinakwenda kuwekwa mapokezi ya nyumba ya wageni. Mpingo ukishautoa haurudi, kwa hiyo kichwa kilicholala hakiwezi kunyanyuliwa. Mchongaji akachonga kingine, mama anatabasamu, mtoto mzima. Kikalipiwa siku hiyohiyo.

Msimamo wangu ni huu: kile cha pili ni samani. Kimechongwa kwa ustadi uleule, lakini hakuna mtu ndani yake. Na vijana wetu wengi sasa wanafundishwa kuchonga kile cha pili tu: twiga, tembo, Mmasai na mkuki wake (Mmakonde wa Newala na mikuki ya Wamasai wapi na wapi?). Napendekeza maonyesho yanayogharamiwa na fedha za umma yatoe nafasi kwa wanaochonga maisha yao. Wa twiga wana barabara na hoteli, inawatosha. Karibuni.

Mchangiaji wa Newala

Mkuu, hapo naomba nipingane na wewe. Unaongea kana kwamba soko limeingia jana.

Wazee wetu waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Mreno, walikuja kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Waliokuwa na tezo mkononi wakaona kuchonga kuna nafuu kuliko kukata mkonge. Miaka ya 1950 wengi walifika Dar es Salaam wakawa wanamuuzia mfanyabiashara mmoja, Mohamed Peera. Staili ya shetani unayoiona leo inahusishwa na mzee Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka hiyo. Husimuliwa kwamba mkono wa kinyago chake ulivunjika, kikabaki kiumbe cha ajabu ajabu, Peera akakipenda na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Soko lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Vya kutouza vilikuwa mapiko, yaani barakoa za ngoma za jando, na hivyo hatuvizungumzii hapa.

Au chukua ujamaa, ile minara ya watu waliopandana. Anayetajwa kuianzisha ni Roberto Yakobo Sangwani, na mwanzoni wenyewe waliiita dimoongo. Ilikuwa ni mpiga mieleka aliyeshinda, amebebwa na wenzake. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 na siasa zake, ule mnara ukawa ndio ujamaa wenyewe, ukawekwa maofisini na kupewa wageni wa serikali. Ulianza kama furaha ya mtu mmoja, ukaishia kuwa zawadi ya itifaki.

Lakini wewe nenda kautazame, ila usianzie juu, anzia chini. Yule wa chini kabisa shingo imezama mabegani, nyayo zimepanuka, mdomo umebanwa. Wa juu wanacheza ngoma, wanatwanga, wanabeba watoto. Yeye anabeba wote. Mteja alilipia umoja na mshikamano. Mchongaji alichomeka humo kitu ambacho mteja hakukiagiza. Kwa hiyo oda haimzuii mtu kusema lake.

Mchangiaji wa Masasi

Nakazia hapo kwa Newala. Mleta mada anadhani uchungu lazima uwe na sura ya msiba. George Lilanga alizaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934, akaanza na kuchonga, baadaye akahamia kwenye rangi. Kisukari kikamfanya akatwe miguu, na bado akaendelea na kazi hadi alipofariki mwaka 2005. Tazama mashetani yake: masikio makubwa, matumbo mbele, rangi zinapiga kelele, wote kama wako harusini. Sasa utasema hayo hayana mtu ndani?

Mchangiaji wa Lindi

Kaka zangu mnagombania mpingo tu, kama vile wanawake hawana pa kutolea ya moyoni.

Sisi kwenye ngoma tunaimba. Aliyeachwa anaimba, aliyenyang'anywa mikorosho na mashemeji baada ya kufiwa anaimba, na haimbi kwa jina la mtu, anafumba. Shemeji mwenyewe anaweza kuwa amesimama palepale anapiga makofi, na kila mmoja anajua anayesemwa ni yeye. Hakuna tiketi wala mteja.

Shida inaanza kikundi kinapoitwa kupokea mgeni rasmi. Tuna wimbo wa mke ambaye mume alikwenda mjini kutafuta akaishia hukohuko. Ni wimbo mzito, kiitikio kinashuka taratibu, mikono iko kichwani. Tukaambiwa sauti ni nzuri, ibaki hivyohivyo, ila tuondoe huyo mume tuweke jina la mgeni na pongezi zake. Tukafanya. Mwenzetu aliyeutunga alikuwa mstari wa nyuma anaitikia pongezi kwa sauti yake ya kulilia. Hayo ndiyo ningependa mleta mada ayaongelee.

Lakini hilo pendekezo lako la maonyesho sikubaliani nalo hata kidogo. Nani atakaa mezani apime nani ameumia kweli? Tutaunda kamati ya machungu, na posho ya kikao?

Mchangiaji wa Mikindani

Wanangu, mimi ni mzee na nachonga bado, ingawa macho hayapo sawa.

Mnaongea kama vile mpingo unaota dukani. Gogo zuri lenye vibali vyake linagharimu, na ukipata lenye ufa ndani umeliwa. Kuna weupe wa nje wa kutoa kwa tezo mpaka ufike kwenye weusi, halafu patasi, halafu tupa, halafu msasa siku nzima, mwisho kiwi ya viatu ili king'ae. Kinyago cha mtu mzima kinakula wiki kadhaa, na nyumbani wanakula kila siku. Nikichonga mama na mtoto mara nyingi ninachowaza ni ada ya shule. Huo nao ni uchungu, au haumo kwenye orodha yenu?

Mke wangu alipofariki nilichonga twiga, twiga tu, mmoja baada ya mwingine. Watu wakadhani nimeishiwa. Nilikuwa sitaki kuchonga sura ya mtu, kila sura iliyoanza kutokea kwenye gogo ilikuwa yake. Wale twiga wamesambaa sijui nchi gani huko. Mwanangu mleta mada ungewaona dukani ungewaita samani.

Mleta mada, Mtwara mjini

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Twiga wako sitawagusa.

Dada wa Lindi, kamati ya machungu hata mimi siitaki, kwa hiyo pendekezo la nafasi tuliweke pembeni. Nabaki na dai dogo zaidi: anayetoa fedha za umma asiguse kazi. Achague, akatae, alipe kidogo akitaka, lakini asiseme mama atabasamu.

Newala, mfano wako wa Peera unanisaidia mimi. Kwa simulizi yako mwenyewe, aliletewa kinyago kilichovunjika mkono na hakusema mkono urudishwe. Alinunua alichoona. Wa nyumba ya wageni aliona akaagiza kisichokuwepo. Wote ni wateja, lakini mmoja alimwacha mchongaji awe mwenyewe.

Mchangiaji wa Newala

Na akilipa mara mbili kwa ajili ya hilo tabasamu?

Mleta mada, Mtwara mjini

Achonge, hela achukue, mimi simlaumu. Ila kiwe kingine, cha kwanza kibaki kama kilivyo. Ndivyo alivyofanya yule wa hapa mjini.

Mchangiaji wa Lindi

Kaka, huyo ana gogo la pili. Sisi wimbo ni huohuo mmoja. Tangu siku ile ya mgeni rasmi watoto wa mtaani wanauimba na jina lake, na yule mwenzetu akianza maneno yake mwenyewe wanamsahihisha. Hapo unatushauri nini?