Kitambulisho cha mgeni ndipo nishuke korongo?

Baraka, Dunga
Shikamooni wakubwa. Jana nimerudishwa dirishani kwenye ofisi moja ya bima hapa Kisumu, foleni nzima inasikia. Tuko sita, wapiga kasia wa Jumamosi, tunataka kujaribu kushuka korongo kwa kamba upande wa Nandi. Mwenyeji wetu hachukui mtu asiye na bima ya ajali. Bima nao wanasema bila kitambulisho cha mgeni fomu haipokelewi. Nina pasipoti ya Tanzania na muhuri wa miezi sita. eFNS, ule mtandao wa uhamiaji wa kusajili wageni, nimejaza mara mbili, kimya. Kuna aliyekatiwa bima kwa pasipoti tu?

Mama Neema, Milimani
Marahaba mwanangu. Muhuri huo ni wa kutembea. Anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili. Kitambulisho changu kilikuja baada ya miezi minne, jina la baba limeandikwa la mume wangu! Nikaanza upya. PIN ya KRA, ile namba ya kodi, unayo?

Juma, Nyalenda
Dada, kijana hakuuliza habari za PIN. Baraka, mna kamba gani? Nimewaona ufukweni na zile za kurusha. Ile ni plastiki ya polipropilini, imetengenezwa ielee imfikie mtu majini. Ikisuguliwa inapata moto na kuyeyuka, usithubutu kuning'inia nayo. Ya kushukia ni ile isiyovutika, milimita 9 au 10. Na jaketi okozi nene la kayaki, ule mtumbwi wenu mdogo, linakuziba usione kifaa cha kushukia kiunoni. Mlicho nacho ninyi ni macho ya maji: mnajua mkondo unaovuta mtu chini ya mwamba, jambo ambalo wapanda milima wengi hujifunza kwa tabu. Lakini mtoni ukiogopa unavuta kayaki kando, unabeba. Korongoni, kamba ikishavutwa chini nyuma yenu, hakuna kurudi juu.

Baraka, Dunga
Kaka, kamba ni za mwenyeji. Nauliza bima.

Mama Pendo, Ahero
Mimi naogopa mvua kuliko fomu. Hapa Ahero jua linawaka, na mto Nyando unapanda kwa maji ya Nandi na Kericho. Korongoni maji hayo hayana pa kutandaa. Korongo la Hell's Gate, Naivasha, Septemba 2019, maji ya ghafla yaliua watu 7. Uswisi, Saxetbach, Julai 1999, watu 21, wakiwemo waongozaji wenyewe. Ingieni alfajiri. Mvua ya huku mnaijua, ni ya alasiri. Nanyi mpigieni simu mtu aliye juu kabisa mtoni, awaambie mawingu yakoje.

Mzee Musoma, Kibos
Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010. Leo mtoto wa Musoma anaulizwa kitambulisho ili ashuke mto unaomwaga maji ziwa lile lile la kwao. Inaniuma. Mnanikumbusha maporomoko ya Materuni kule Moshi, maji ya baridi yale, na kahawa tuliyotwangiwa pale pale kijijini.

Juma, Nyalenda
Mzee, itifaki haikufuta usajili. Tusimpoteze kijana.

Mama Neema, Milimani
Baraka, Alhamisi niko mjini saa tatu. Njoo na nakala ya ukurasa wa muhuri na picha mbili, twende wote dirishani. Na helmeti ya kayaki usiiache, Mama Pendo amenitia hofu.