Kompyuta ya michezo inayopozwa kwa maji: je, redieta ya hita ya gari inafaa?

Muulizaji wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikikusanya vifaa ili nijiundie kompyuta ya michezo inayopozwa kwa maji, na sharti nililojiwekea ni kwamba kinachopatikana kwenye vyuma chakavu au mitumba sitakinunua kipya. Tayari ninayo kompyuta ya ofisi iliyotumika yenye prosesa ya Intel Core i7-4770, pamoja na kadi ya michoro ya Radeon RX 580 niliyouziwa na mtu aliyeachana na uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Kasha nimeliunda kwa fremu ya alumini ya dirisha lililobomolewa, na kioo cha dirisha hilohilo ndicho mlango wake. Kipande cha shaba nyekundu kitakachokaa juu ya prosesa nimechongewa na fundi mchonga vyuma kutokana na baa nene iliyotoka kwenye paneli ya umeme ya kiwanda kilichofungwa.

Kinachoniumiza kichwa ni mzunguko wenyewe wa maji. Nimenunua redieta ndogo ya hita ya gari, ile inayojificha nyuma ya dashibodi, ambayo hapa Dar es Salaam hakuna anayeililia kwa sababu hakuna anayewasha hita. Imepakwa rangi nyeusi na haivuji. Pampu ninazo mbili, moja ya mashine ya kufulia na nyingine ya kurushia maji kwenye kioo cha mbele cha gari. Naomba kujua kama redieta hiyo inafaa, pampu ipi niichague, na kama maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvi kidogo, yanaweza kutumika yakishachemshwa. Rafiki yangu ananishauri pia nipitishe bomba ndani ya friji kuukuu ili maji yawe baridi kabisa.

Fundi redieta, Gerezani

Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye pampu, jua kwanza redieta yako ni ya madini gani, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi. Kipande chako cha prosesa ni shaba. Ikiwa redieta ni alumini, utakuwa umeweka metali mbili zisizopatana ndani ya maji yaleyale, na hiyo ni betri, hata kama hukukusudia kutengeneza betri. Inayoliwa ni alumini. Utaanza kuona uji mweupe ukielea kwenye tangi, kisha mifereji myembamba ya maji ndani ya kipande cha shaba itaziba, na mwisho redieta itatoboka ikiwa juu ya kadi yako ya michoro.

Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa kuwa hainasi alumini, wala shaba, wala brasi. Chukua msumari ukwangue rangi kwenye shingo ya bomba. Ukiona weupe unaong'aa, hiyo ni alumini. Ukiona wekundu au umanjano, ni shaba au brasi. Tazama na maungio pia: ya shaba huunganishwa kwa risasi na huacha michirizi ya kijivu, ilhali nyingi za alumini zina vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwa meno. Land Rover na pikapu za miaka ya 1970 zilikuja na shaba na brasi, lakini magari madogo mengi yanayotoka Japani siku hizi ni alumini.

Ukiipata ya shaba, usiifunge kabla ya kuisafisha, kwa sababu ndani mna kutu, mafuta na mabaki ya kulanti (dawa ya kupozea injini) ya miaka mingi. Sisi hutia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tukaiacha kwa nusu saa, tukaitikisa na kuimwaga, na kurudia hivyo mpaka kinachotoka kiwe safi. Usiilaze na siki usiku kucha, maana asidi hula risasi ya maungio. Baada ya hapo isuuze kwa maji ya moto yenye magadi soda, kisha mara kadhaa kwa maji ya betri, yaani yale yaliyoondolewa madini, si asidi. Nawa mikono vizuri, na beseni utakalotumia lisirudi jikoni, kwa sababu risasi ni sumu.

Pampu zako zote mbili ziweke kando. Ile ya kioo imeundwa kurusha maji kwa sekunde chache, hivyo ukiiacha ikizunguka mfululizo itaungua. Ile ya mashine ya kufulia nayo haikuundwa kufanya kazi bila kupumzika, na isitoshe inakuletea umeme wa volti 230 karibu na maji. Ulizia kwa wavunja magari pampu ya kupozea inveta (kifaa cha kubadilisha umeme wa betri) ya gari la Toyota Prius. Ni ya volti 12 na imezoea kuzunguka muda wote gari linapokuwa limewashwa. Chagua yenye nyaya mbili tu, kwani zenye nyaya zaidi husubiri ishara kutoka kwenye gari.

Muulizaji wa Temeke

Ahsante sana, fundi. Nimekwangua muda huu huu na imetoka nyeupe kama sufuria. Hata hivyo naomba nibishe kidogo: injini nyingi zina bloku ya chuma, kichwa cha alumini na redieta ya aina nyingine, na zinadumu kwa miaka. Je, nikitia kulanti ya gari badala ya maji matupu, si nitakuwa salama?

Mwalimu wa fizikia, Mombasa

Swali lako lina mantiki, kwa hiyo nitalijibu kikamilifu. Kulanti ina kemikali zinazotandaza utando mwembamba juu ya metali na kupunguza kasi ya ulaji, lakini haiufuti, na kemikali hizo huisha nguvu, ndiyo maana wenye magari hubadilisha kulanti kila baada ya muda fulani. Vilevile shaba iko mbali zaidi na alumini kuliko ilivyo chuma, kwa hiyo msukumo wa umeme kati yao ni mkubwa zaidi, na chembe za shaba zinazoyeyuka na kutua juu ya alumini huanzisha vishimo vidogo vinavyochimba kwenda ndani. Kulanti nyingi pia ni ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu, jambo ambalo nyumba yenye watoto au paka haipaswi kulipuuza. Ukiipenda sana redieta yako, njia halali ni kuchonga kipande cha prosesa upya kwa alumini. Utapoteza kiasi, kwa sababu shaba hupitisha joto kwa takriban wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi moja na alumini kama 237, lakini mzunguko wote utakuwa wa metali moja. Mimi ningebadilisha redieta.

Kuhusu maji ya kisima, kuyachemsha kunaua vijidudu tu. Chumvi haiondoki pamoja na mvuke. Inabaki, tena ikiwa imekolea zaidi, na chumvi ndiyo inayoyafanya maji yapitishe umeme na kuharakisha ulaji. Tumia maji ya betri yaliyoondolewa madini, na usome chupa vizuri, kwa maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo.

Sasa tuhesabu joto. Prosesa yako imekadiriwa wati 84 na kadi wati 185, yaani kama wati 270 zikifanya kazi pamoja. Lita moja ya maji huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi 1. Pampu ikisukuma lita 4 kwa dakika, maji yatakayopita kwenye vifaa vyote viwili yatatoka yakiwa yamepanda nyuzi 1 hivi tu, kwa hiyo pampu yenye nguvu za ajabu haina kazi hapa. Kazi iko kwenye redieta. Bila redieta, lita 2 za maji zitapanda nyuzi 1 kila baada ya nusu dakika, na katika muda wa robo saa zitakuwa zimetoka nyuzi 30 hadi 60. Redieta nayo, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba. Chumba chako kikiwa na nyuzi 32, tarajia maji ya nyuzi 40 na kitu.

Hapo ndipo wazo la friji linapovutia, na hapo ndipo linapoanguka. Friji ya nyumbani imeundwa kupoza chakula kidogo kidogo huku mashine yake ikipumzika kila mara. Ukiipa wati 270 bila kukoma itazunguka mfululizo na bado itashindwa. Hata kama ingeweza, pwani tuna unyevu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini yake. Bomba lako lingetoka jasho kama glasi ya maji ya barafu, na jasho hilo lingedondokea madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta.

Msomaji wa Nairobi

Nakubaliana na Mwalimu, ila nitasema wazi kwamba kwa prosesa ya wati 84 kipozeo kizuri cha hewa kinatosha. Kama unataka maji kwa sababu ya kazi yenyewe na uzuri wake, hilo ni jambo jingine, nami sikulaumu. Waliotutangulia Marekani walianza hivihivi kwa redieta za hita, na ile ya gari la Pontiac Bonneville la mwaka 1977 waliisaka mno. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo feni hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko, ingawa ubaridi wa jiji hutufidia.

Nisichokubali ni hilo sharti lako la mitumba kwa kila kitu. Mimi nilitumia mpira wa zamani uliokuwa umekakamaa, nikaukaza kwa waya, nikawasha kila kitu siku hiyohiyo. Maji yalitoka mahali waya ulipokata mpira, yakashuka juu ya kadi, na madabodi ikafa pamoja nayo. Mpira na klipu za kukazia nunua vipya, na pawa saplai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme) vilevile. Pawa saplai nyingi za kompyuta za ofisi hazifiki wati zinazohitajiwa na RX 580, ambayo hupendekezewa ya wati 500, na baadhi zina plagi zisizooana na za kawaida.

Ukishafunga, iwashe pampu peke yake. Kwenye plagi kubwa ya nyaya 24 ya pawa saplai, huku hiyo na plagi nyingine zote isipokuwa ya pampu hazijachomekwa popote, unganisha waya wa kijani na mmojawapo wa nyaya nyeusi. Pawa saplai itawaka na pampu itazunguka ilhali vifaa vingine havina umeme. Tandika karatasi ya chooni chini ya kila kiungo, uache saa 24, kisha uikague. Tangi likae juu ya pampu ili pampu isizunguke kavu hata kidogo. Kwenye kadi ya michoro usisahau kwamba chipu za kumbukumbu na sehemu ya kurekebisha umeme nazo huchemka, kwa hiyo zibandike vipozeo vidogo na uzielekezee feni.

Na ile baa ya shaba, una risiti yake? Shaba ya umeme huibwa sana, na maelezo ya mdomo huwa hayatoshi.

Muulizaji wa Temeke

Risiti ninayo, ilitolewa kwenye mnada wa kiwanda. Mwalimu, shikamoo na ahsante. Wazo la friji nimeliacha. Fundi, unaweza kunibadilishia hii ya alumini kwa ya shaba nikiongeza fedha? Nafasi niliyonayo nyuma ya kasha ni ya feni mbili za milimita 120.

Fundi redieta, Gerezani

Ninayo moja ya Land Rover, ila shingo yake moja imepinda na itabidi niilehemu upya. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, na uje na kile kipande cha prosesa tupime upana wa matundu yake, ili mpira uwe wa saizi moja mwanzo hadi mwisho.