Nusu robo ya wakia (gramu 3.5) dola 28, mizani inasoma 3.1: maduka ya bangi Ontario yanatupunja na risiti wanatupatia

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira, nikirukaruka mnivumilie. Na kabla hamjaanza kunipopoa: nipo Ontario, Kanada. Huku bangi ni halali tangu tarehe 17 Oktoba 2018, ina duka, ina kaunta, ina risiti, na mlangoni unaombwa kitambulisho waone kama umefikisha miaka 19. Nyumbani Tanzania ni jinai, najua, wala sijaja kumfundisha mtu kuvuta. Nimekuja kulalamikia mizani na bei. Wale wa "kumbe ulienda ughaibuni kuvuta majani", uzi wenu uko pale mbele, pitieni.

Mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Baba alikuwa na duka Tandika, na tangu darasa la nne kazi yangu ilikuwa kupima: sukari nusu robo, mchele nusu, maharage kilo na robo. Najua jiwe lililotobolewa chini. Najua kidole kinachosahaulika kwenye sahani ya mizani. Najua karatasi ya kufungia iliyokunjwa mara tatu ili nayo iuzwe kwa bei ya sukari. Kwa hiyo mtu akinipunja naumia mara mbili, kama mteja na kama mtu wa fani.

Sasa sikilizeni. Alhamisi natoka zamu ya usiku ghalani, mgongo unawaka moto, nikapita duka moja la bangi karibu na kituo cha basi, nikachukua pakiti ya maua makavu ya gramu 3.5. Ubaoni imeandikwa dola 25. Mashine ikasoma 28.25. Namuuliza binti wa kaunta hizi tatu na robo zimetoka wapi, ananijibu "HST, asilimia 13", yaani kodi ya mauzo, kwa sauti ile ya kumwelewesha mtoto. Haya, hilo nimeshalizoea, nchi hii bei ya ubaoni ni salamu tu, bei yenyewe unaikuta kwenye risiti.

Kilichonipandisha presha ni kipimo. Kanada wanatumia kilo na gramu kama sisi, maziwa kwa lita, barabara kwa kilomita. Lakini ingia duka la bangi uone: gramu 3.5, gramu 7, gramu 14, gramu 28. Hivi nani kwenye dunia ya kilo na gramu anauza kitu kwa gramu 3.5? Jibu ni kwamba hawauzi gramu, wanauza wakia. Neno hilo mara ya mwisho nimelisikia kwa bibi Tanga akisimulia bei ya udi. Wakia moja ni gramu 28 na ushee, nusu yake 14, robo yake 7, nusu robo yake 3.5. Ni desturi ya mtaani ya miaka hiyo bangi ikiuzwa kwa kificho. Serikali ikahalalisha bidhaa ikaacha na vipimo vya vichochoroni viingie dukani na viatu vyao. Mimi nikisikia robo, kichwani naona robo kilo. Huku robo ni gramu 7. Usicheke, mwezi wangu wa kwanza huku niliganda pale kaunta kama nimesahau jina langu.

Nikafika nyumbani. Ninayo mizani ndogo ya mfukoni, aina ile ya masonara, nilinunua baada ya kuanza kushuku mambo. Kwanza niliijaribu kwa sarafu ya senti 25, ambayo uzito wake ni gramu 4.4. Ikasoma 4.4. Nikaweka kibakuli, nikarudisha sifuri, nikamimina pakiti yote hadi vumbi la pembeni, nikagonga chini ya mfuko kama mtu anayemalizia unga wa ngano.

3.1.

Nikaitoa, nikairudisha. 3.1. Wakuu, robo dola ya chuma ilikuwa nzito kuliko mzigo wangu wa dola 28. Maua yenyewe ukiyabana kwa vidole yanamomonyoka kama ugoro. Nikageuza pakiti nitafute tarehe, na hapa ndipo penye siri: tarehe ya kufungashwa ilikuwa miezi tisa nyuma. Uzito unaandikwa siku ya kufungasha, maji yakiwa bado ndani. Mzigo ukakaa ghalani kwa muuzaji wa jumla, ukakaa rafu ya duka, maji yakaondoka. Mimi nimelipia maji ambayo hayapo. Dagaa wakikauka bei ya kilo inapanda kwa sababu ndani ya kilo wamejaa dagaa wengi zaidi. Hawa wanakuuzia maua yaliyokauka kwa hesabu ya mabichi, na pakiti yenyewe haipitishi mwanga, imefungwa kabisa, huoni wala hunusi. Umewahi kununua nyanya zikiwa ndani ya bahasha?

Nikarudi dukani kesho yake. "Ukishafungua haturudishi." Nisipofungua nitaipimaje? Nikaambiwa nimwandikie mzalishaji. Nimemwandikia, wanataka namba ya shehena, picha ya pakiti mbele na nyuma, picha ya mizani. Kwa gramu 0.4.

Sasa bei. Nimekaa nimeipekua kwa sababu nilitaka kujua nani hasa wa kumchukia, na nimekuta foleni. Wa kwanza ni ushuru wa bidhaa. Mzalishaji analipa si chini ya dola moja kwa kila gramu ya ua, au asilimia 10 ya bei yake, ile itakayokuwa kubwa. Walipoupanga walidhani gramu itauzwa kama dola 10, hivyo dola moja ikaonekana ni fungu la kumi la haki. Bei zikaporomoka, dola moja ikabaki palepale. Chukua mfuko wa gramu 28 unaouzwa dola 100: ushuru peke yake si chini ya dola 28. Na huuoni kwenye risiti kwa sababu umeshamezwa ndani ya bei, kilichobaki ni ile stempu iliyogandishwa kwenye pakiti. Kisha HST inakuja juu ya bei yote, pamoja na huo ushuru. Kodi juu ya kodi.

Wa pili, Ontario duka haliruhusiwi kununua moja kwa moja kwa mkulima wake. Mzigo wote unapitia kwa muuzaji wa jumla mmoja, wa serikali ya jimbo, anaongeza chake, ndipo duka linaongeza lake. Hapo kila duka linajipangia, ndiyo maana pakiti ileile, jina lilelile, nimeikuta barabara hiyohiyo kwa dola 19. Mwendo wa dakika sita. Hilo ni kosa langu, nakubali, mtoto wa dukani hanunui kwenye duka la kwanza.

Na wale wa kipato kidogo ndio tunalia zaidi. Dola 25 kwa 3.5 ni zaidi ya dola 7 kwa gramu. Dola 100 kwa 28 ni kama dola 3.60 kwa gramu. Ni yaleyale ya sukari ya kupimiwa: anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali kwa mwaka, na pale Tandika wateja wa nusu robo ndio waliotulipia ada ya shule. Nalijua hilo, nimelila. Na jumla nayo ina ukuta, hadharani huruhusiwi kubeba zaidi ya gramu 30 za maua makavu, na duka haliwezi kukuuzia zaidi ya hapo kwa mara moja. Chukua mfuko wa 28 na nusu robo moja umeshafika 31.5, umevuka. Wale mnaonitumia ujumbe kuulizia "mzigo wa kutuma", tusitafutane. Kuvuka nayo mpaka ni kosa, hata ukienda jimbo la Marekani linaloiruhusu.

Kilimo nacho kina bei yake, hapo sina ugomvi. Iliyokuzwa ndani kwenye taa inakula umeme usiku na mchana, ya nje inalelewa na jua la bure. Iliyopunguzwa majani kwa mkono ina gharama kuliko ya mashine. Vitumba vidogo vya chini ya mti na ile iliyokwishasagwa huwa nafuu, na kwa mtu kama mimi ninayeisaga mwenyewe ukubwa wa kitumba ni urembo tu.

Ugomvi wangu ni ile namba ya THC, yaani ile kemikali ya bangi inayolevya. Wateja wote wanakimbilia namba, muuzaji naye anapanga bei kwa namba. Lebo nilizozoea zina mistari miwili: THC, mfano miligramu 8 kwa gramu, na jumla ya THC, mfano 260. Wa kwanza ni kama ilivyo pakitini, wa pili ni baada ya kupashwa moto. 260 ndiyo hiyo "asilimia 26" wanayokupigia debe. Kaka mmoja nyuma yangu aliacha pakiti ya 24 akachukua ya 26 kwa dola 9 zaidi, na hakuna hata mmoja aliyeangalia tarehe ya kufungashwa. Nusura nimshike mkono.

Ninachotaka ni kitu kidogo sana. Kwenye maduka makubwa ya chakula, chini ya bei ya jibini, mara nyingi kuna herufi ndogo zinakwambia bei ya kila gramu 100. Kwa nini ubao wa bangi usiandike bei ya gramu moja, kodi ikiwa ndani, na tarehe ya kufungashwa pembeni? Mlioko Hamilton, Ottawa, London hii ya huku, kama kuna duka linafanya hivyo litajeni pamoja na aina ya ubao wao nikamwoneshe huyu wangu.

NYONGEZA: Wakuu, mzalishaji amejibu. Anasikitika kwa usumbufu. Amenitumia kuponi ya dola 5, itumike kwa ununuzi wa kuanzia dola 50. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: kabla ya kodi.