Naipenda kazi ya uuguzi, lakini wodi yetu inanimaliza. Nifanyeje?

Wadau, naombeni ushauri. Ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Wagonjwa hawanichoshi kama tunavyochoshana sisi kwa sisi. Mwenzetu mgeni aligundua amempa mgonjwa dozi isiyo yake, akaripoti mwenyewe papo hapo. Mgonjwa hakudhurika. Msimamizi akamfokea mbele ya wagonjwa, na hadi leo kisa hicho kinatajwa tukikabidhiana zamu. Sasa watu wanaficha. Hata mimi nikitaka kuuliza kipimo cha dawa nisiyoizoea, kwanza naangalia nani yupo karibu. Usingizi umenipotea, na simu ikilia siku ya mapumziko moyo unanienda mbio. Nihame, au wodi kama hii hubadilika?

Nuru_ya_Wodi: Pole sana dada. Usijione dhaifu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kuona hufanyi la maana kuwa inatokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Ila huo usingizi usiupuuze: onana na mtaalamu wa afya ya akili sasa, usingoje uhamisho.

Muuguzi Mkongwe: Nimewahi kusimamia wodi. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson aliona kwamba vikosi vya wauguzi vyenye uongozi mzuri ndivyo vilivyoripoti makosa mengi zaidi, kwa sababu watu hawakuogopa kusema. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea msimamizi: woga unamhatarisha mgonjwa. Usiende peke yako. Ombeni makosa yazungumzwe faragha, na swali la kwanza liwe nini kiliruhusu kosa: vichupa vinavyofanana? Zamu yenye watu wachache? Akikataa, mwandikieni muuguzi mkuu.

Zamu ya Usiku: Mimi ningehama, afya haingoji vikao. Lakini kwanza ulizia huko uendako muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa 2002 ulihusisha kila mgonjwa anayeongezeka kwa muuguzi na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa kuchoka kwa namna hii. Ukarimu wa wenzako hautakuokoa na mzigo huo.

Mleta uzi: Asanteni sana. Yule mgeni amekubali twende pamoja. Tuanze kwa barua au kwa mazungumzo?

Muuguzi Mkongwe: Mazungumzo. Kisha siku hiyohiyo andikeni mliyokubaliana, mmpe nakala.