Mjadala: Tume ya katiba ya jiji iteuliwe na jaji, au na wananchi?

Mtoa mada, Minneapolis

Wakuu, naomba tujadili kwa hoja. Katiba ya jiji letu ina tume yake ya watu 15, inayopitia na kupendekeza mabadiliko ya katiba hiyo, na tume hiyo hatuichagui sisi. Meya haiteui, wala baraza la madiwani. Sheria ya jimbo la Minnesota imempa kazi hiyo jaji mkuu wa mahakama ya wilaya, kwetu ni Kaunti ya Hennepin. Anayetaka anaomba, jaji anapitia majina, anateua. Kipindi ni miaka minne.

Msimamo wangu: utaratibu huu ubadilishwe. Angalieni yaliyotokea 2020. George Floyd aliuawa na polisi wa jiji letu tarehe 25 Mei. Mwezi uliofuata madiwani walipitisha, kura 12 kwa 0, kwamba Novemba wananchi waulizwe: kipengele cha katiba kinacholazimisha jiji kuwa na idara ya polisi yenye watumishi wasiopungua 1.7 kwa kila wakazi 1,000 kiondolewe au kibaki? Swali hilo ilibidi lipite kwenye tume. Tume inaruhusiwa kulichunguza, na ikitaka inajiongezea siku 90. Tarehe 5 Agosti ikapiga kura 10 kwa 5, ikajiongezea. Siku hizo zikavuka mwisho wa kuandaa karatasi za kura, na mwaka ule hatukuulizwa.

Siwatuhumu wajumbe kwa nia mbaya. Waliosema wananchi hawajasikilizwa vya kutosha walikuwa na hoja. Kinachoniuma ni kwamba watu kumi ambao hakuna aliyewapigia kura waliamua mji mzima usubiri. Sisi wa Afrika Mashariki tulio mitaa ya Cedar-Riverside na Phillips, diwani tunajua tunampata wapi. Mjumbe wa tume je?

Napendekeza hivi: kata ni 13, viti ni 15. Kila kata ipate kiti, diwani ateue baada ya mkutano wa hadhara. Viwili vibaki kwa jaji.

Mchangiaji, St. Paul

Mkuu, napinga. Kwanza, majaji wa wilaya Minnesota nao wanapigiwa kura. Pili, katiba ya jiji ndiyo inayompimia diwani madaraka yake, halafu unataka yeye ateue wa kuiandika? Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilipeleka kwa wananchi pendekezo la kumpa meya mamlaka yote ya utendaji, na baraza libaki kutunga sheria. Likapita kwa takriban asilimia 52. Wateule wa madiwani wangethubutu? Na lile swali la polisi lilirudi mwaka huohuo kwa saini za wananchi, karibu asilimia 56 wakalikataa. Muda ulisaidia watu kufikiri.

Mchangiaji, Portland, Oregon

Wangethubutu, ndugu yangu. Kwetu tume ni watu 20. Baraza la zamani lilikuwa na wajumbe watano, meya akiwa mmoja wao, kila mmoja akapendekeza wanne. Wateule haohao wakapendekeza kuufuta mfumo wa waliowateua! Juni 2022 walipiga kura 17 kwa 3. Siri iko hapa: zikifika kura 15, pendekezo linakwenda moja kwa moja kwa wapiga kura, baraza haliligusi. Novemba likapita kwa asilimia 58, na tangu Januari 2025 tuna madiwani 12 kutoka maeneo manne.

Mchangiaji, Detroit

Na msidhani kuchagua kunamaliza kazi. Sisi wajumbe tisa tuliwachagua 2018. Wakaandika katiba mpya nzima, gavana akakataa kuiidhinisha, na Agosti 2021 takriban theluthi mbili ya wapiga kura wakaikataa. Majina ya wagombea wa tume yako chini kabisa ya karatasi, wengi hawayajui.

Mtoa mada

Nashukuru. Wa Detroit amenishawishi: uchaguzi wa moja kwa moja siutaki. Kaka wa St. Paul, matokeo ya 2021 hayahalalishi ya 2020. Mtu ana haki ya kuulizwa hata kama jibu lake litakuwa hapana.

Kugawa uteuzi kunawezekana. Tume ya New York ya 2019 ilikuwa na watu 15: wanne wa meya, wanne wa spika wa baraza, mmoja wa kila rais wa maeneo matano ya jiji, mmoja wa mdhibiti wa fedha, mmoja wa mtetezi wa wananchi. Ndiyo iliyowaletea wapiga kura mfumo wa mpiga kura kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili na kuendelea, na Novemba ile wakaukubali.

Basi naongeza kifungu: swali lililopitishwa na madiwani bila kura ya kupinga, tume ilitolee maoni, lakini isilicheleweshe kuvuka uchaguzi unaofuata. Hili halibadilishwi City Hall, kwenye ofisi za jiji, liko kwenye sheria ya jimbo, sura ya 410. Kwa hiyo nauliza: nani kati yenu ameshawahi kuzungumza na mwakilishi wake wa jimbo kuhusu sura hiyo, na alijibiwa nini?